Tawadhuu si Madhila

Wengi huchanganya baina ya tawadhuu na madhila, wakadhani ya kuwa mnyenyekevu ni yule ainamaye mbele ya kila mwenye jaha. Sivyo. Amnyenyekeaye tajiri kwa kutamani alichonacho ni mtumwa wa tamaa yake, na mara nyingi mtu huyo huyo arudipo nyumbani huwa jabari kwa mkewe na watumishi wake.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alieleza kuwa kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Aliulizwa khasa juu ya mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, wala hakuihesabu hiyo kuwa kibri. Basi mwenye joho huweza kuwa mnyenyekevu, na mwenye kanzu ya viraka akawa na kibri, pengine kwa sababu ya viraka vyenyewe.

Mtu na apimwe hapa: aambiwapo neno la haki na aliye chini yake, hufanyaje? Mwalimu akisahihishwa na mwanafunzi mbele ya watu, baba akikumbushwa sala na mwanawe, mwenye duka akionyeshwa na mchukuzi ya kuwa mizani imepunguka, hapo ndipo nafsi hujulikana. Kuikubali haki itokayo kwa mkubwa si kazi. Hata mwenye kibri huikubali.

Wala jambo hili haliishi katika nafsi ya mtu mmoja. Msikitini safu ni moja, bega kwa bega. Watu wakitoka nje, barazani kila mmoja hutafuta mahali pa ukoo wake. Na ubaya mkubwa ni pale kibri cha nasaba kinapofunga mlango wa elimu. Huko Lamu, Sayyid Saleh bin Alawi Jamalilleil, sharifu mwenye asili ya Ngazija, aliwasomesha watumwa na wana wa watumwa, ilhali utumwa haukuondolewa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Baadhi ya wakubwa wa mji walichukizwa. Naye angaliweza kukaa juu ya nasaba yake akaheshimiwa kwa hiyo tu, pasi na taabu yo yote. Hakuikana nasaba hiyo, wala hakujifanya mjinga ili apendwe na wanyonge. Alikaa nao huko Langoni, akawafundisha dini yao, na msikiti wake wa Riyadha mpaka leo husafiriwa na watu wa kila kabila wakati wa Maulidi.