Chaneli Isiyo na Waya

Kuna ujanja mmoja ambao karibu kila fundi wa sauti anaujua, ingawa si wengi watakaokubali hadharani kwamba wameutumia. Mwimbaji yuko jukwaani, anageuka na kusema, "Buda, niongezee kidogo kwa monita." Fundi anaitikia kwa kichwa, anashika feda ya chaneli ambayo haijachomekwa waya wowote, anaisukuma juu polepole ili aonekane. "Hapo je?" Mwimbaji anasikiliza. "Hapo sasa! Hapo iko fiti." Hakuna kilichobadilika. Na mara nyingi wimbo unaofuata anauimba vizuri kuliko uliotangulia.

Swali langu ni hili: huo ni uongo? Na kama ni uongo, nani ameumia?

Nimebeba nyaya na kukaa kando ya miksa kwenye harusi na kesha za kutosha kujua jibu la kawaida. Watu hucheka. Wanasema mwimbaji alikuwa na wasiwasi, wasiwasi umeisha, shoo imeenda poa, kwani shida iko wapi? Jibu hilo lina uzito kuliko linavyosikika, ndiyo maana sitaki kulirukia. Lakini kwanza tukiangalie chombo chenyewe, kwa sababu nobu na feda si vipande vya plastiki tu. Kila kimoja ni ahadi: nizungushe, kitu kitabadilika.

Anayebuni paneli ya miksa anatoa ahadi nyingi kama hizo, na ameshaamua mambo mengi kabla wewe hujaigusa. Angalia feda yoyote. Sifuri haiko chini kabisa wala juu kabisa. Iko kama robo tatu hivi ya njia, na juu yake mara nyingi kuna desibeli 10 za akiba. Alama zilizo karibu na sifuri zimeachana sana, zile za chini zimebanana. Hilo halikutokea kwa bahati. Sikio letu linasikia kwa uwiano, si kwa kujumlisha, na mbunifu amekadiria kwamba kazi yako nyingi itafanyika karibu na sifuri, basi akakupa nafasi kubwa ya kidole pale pale. Amekuwaza wewe bila kukujua.

Hata feda yenyewe ilitokana na mtu kuwaza vidole. Miksa za zamani zilikuwa na nobu kubwa za kuzungusha, na mkono mmoja hauwezi kuzungusha nne kwa pamoja. Tom Dowd, aliyekuwa fundi wa Atlantic Records kule New York, anatajwa kama mmoja wa watu wa kwanza kuleta vitelezi vya kusukuma badala yake, miaka ya 1950, ili aweze kuvicheza kwa vidole kama mpiga piano. Leo kila kanisa lenye spika mbili lina vitelezi hivyo.

Kuna paneli nyingine zinazokwenda kinyume na matarajio. Kompresa iitwayo 1176, iliyobuniwa na Bill Putnam miaka ya 1960, ina nobu mbili za kasi zenye namba 1 hadi 7. Anayeanza hudhani namba kubwa ni muda mrefu. Wapi! Saba ndiyo ya haraka zaidi. Inachanganya, lakini haidanganyi: ukiizungusha, kitu kinabadilika, na ukisikiliza utajua ni nini.

Sasa chukua mfano mgumu zaidi. Miksa nyingi ndogo za siku hizi zina kompresa ya nobu moja. Ndani yake kuna maamuzi kadhaa: sauti ianze kubanwa ikifika wapi, ibanwe kiasi gani, irudishiwe nguvu kiasi gani. Yote yamefungwa kwenye nobu moja, na wewe unaambiwa tu "zaidi" au "kidogo". Je, huo nao ni uongo? Kuna mafundi wanaoudharau kabisa. Kwao ni kumfanya mtu mtoto. Mimi siuoni hivyo. Mtu anayeendesha sauti ya ibada ya Jumapili baada ya wiki nzima dukani haitaji nobu tano. Amefichiwa njia, hakufichiwa matokeo. Akizungusha, sauti inabanwa kweli, na akitaka kujua zaidi anaweza kusoma au kuuliza. Idadi ya nobu basi haituambii nani ni mwaminifu. Mtu anaweza kupewa nobu mia na zote zikawa pambo.

Na pambo lipo. Mwaka 2004 gazeti la New York Times liliripoti kwamba vitufe vingi vya wavuka barabara jijini humo vilikuwa vimezimwa zamani, tangu taa zilipoanza kuongozwa na kompyuta. Havikung'olewa. Watu waliendelea kuvibonyeza miaka nenda miaka rudi, na taa ilipowaka waliamini wamesikika.

Sasa turudi kwenye hoja ya wanaocheka. Wanasema mwimbaji aliimba vizuri. Hilo ni kweli, na ndilo linaloniuma kwenye hoja yangu mwenyewe. Kusikia si kazi ya sikio peke yake. Ukiambiwa sauti imeongezeka, ubongo unakwenda kuitafuta, na mara nyingi unaipata. Nafuu aliyoihisi mwimbaji haikuwa ya uongo. Tena fundi alikuwa na sababu. Kama angeiongeza monita kweli, maikrofoni ingeidaka sauti ya spika, ingeirudisha kwenye spika, na ukumbi mzima ungepigwa mluzi. Kwa hiyo feda iliyokufa ilimpa mwimbaji utulivu na ikawalinda watu mia tatu masikio. Nani anapinga hapo?

Mimi napinga, kwa sababu mbili.

Ya kwanza: ujanja huu unaishi kwa mkopo. Mwimbaji anaituliza roho yake kwa sababu mara nyingine zote feda iliposukumwa, sauti iliongezeka kweli. Noti bandia hupokelewa dukani kwa sababu noti halali zipo. Zikizidi, hata ya halali inamulikwa kwenye taa. Kila feda ya uongo inakula imani iliyojengwa na fundi mwingine, pengine kwa miaka.

Ya pili ndiyo nzito. Ukishamfanyia mtu hivi mara tatu, mara nne, unaanza kuyasikia maneno yake kama dalili, si kama habari. Anaposema "sijisikii", wewe unasikia "ana wasiwasi tena". Siku waya wa monita utakapokatika kweli, atasema maneno yale yale, na mkono wako utakwenda kwenye chaneli ile ile tupu. Huyo ndiye aliyeumia. Haikuibiwa desibeli yake. Ilichukuliwa nafasi yake kwenye mazungumzo, na hajui. Yeye bado anaongea. Ni wewe uliyeacha kuzungumza naye.

Na hapa, kama Mkenya, siwezi kujifanya naongea juu ya muziki tu. Katiba ya 2010, kwenye Kifungu cha 10, inataja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Tunaitwa kwenye kumbi, tunaandika barua pepe, tunapewa maikrofoni dakika mbili. Hiyo ni feda tuliyowekewa kwenye paneli ya nchi. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliifuta Sheria ya Fedha ya 2023, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba Bunge halikueleza kwa nini lilikubali au kukataa maoni ya watu. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo: Bunge halina wajibu wa wazi wa kutoa sababu hizo kwa maandishi. Mimi si wakili, na sisemi majaji waliisoma sheria vibaya. Ninachosema ni kwamba kuulizwa maoni bila kuelezwa yalikwenda wapi ni kusukuma feda bila kujua kama kuna waya nyuma. Labda upo. Huna njia ya kujua.

Miksa, hata ya bei ya chini, hulijua hili. Juu ya chaneli huwa kuna kitaa: kijani maana yake sauti imefika, chekundu maana yake imezidi. Kitaa hakikuahidi kwamba utapata unachotaka. Kinakwambia tu kwamba umefika. Ndicho ningedai kwa anayebuni paneli yoyote, iwe ya miksa, ya programu ya simu au ya kaunti: kama nobu haifanyi kazi, ing'oe, kama inafanya, nionyeshe.

Na kwa fundi? Katikati ya wimbo huwezi kumwelezea mtu fizikia ya mluzi. Lakini kukataa kwa mkono kunachukua sekunde moja, na wimbo ukiisha maneno yanatosha: "Nimekusikia, bro. Hapo nimefika mwisho, nikiongeza itapiga mluzi. Sogea kidogo, usisimame mbele ya spika." Najua gharama yake. Atakunja uso. Pengine ataimba vibaya usiku huo, na aliyekodisha vyombo atakulaumu wewe. Heri hiyo lawama. Angalau mwimbaji atasogea hatua moja kando, na kitu kitabadilika kweli.