Tunda Lisilooza

Msomaji, ukikaribishwa sebuleni Likoni, Changamwe au Kisauni, yamkini utakuta ukutani picha ya bakuli la matunda: zabibu nyeusi, matufaha mekundu, pengine na tini moja iliyopasuliwa. Picha hiyo haikuchorwa kwa mkono. Imepigwa chapa kwa mashine juu ya turubai ili ifanane na kazi ya rangi ya mafuta, na nyingine sawa nayo zimekwenda katika nyumba zisizo na hesabu. Je, mwenye nyumba amenunua uzuri au amenunua uongo?

Wapo wanaoidharau kwa kuwa ni nakala. Mimi simo miongoni mwao. Kapu la matunda alilolichora Caravaggio huko Italia, karibu na mwaka 1600, lilikuwa mali ya Kardinali Federico Borromeo, naye mwaka 1618 alilitoa pamoja na picha zake nyingine kwa Ambrosiana, nyumba ya elimu aliyoiasisi Milan. Pasipo chapa, kuli wa bandari ya Kilindini angeliona wapi? Jicho la maskini lina haki yake kama tumbo lake.

Shaka yangu iko mahali pengine. Litazame vema kapu lile: tufaha la mbele lina tundu la mdudu, na majani ya pembeni yamenyauka na kujikunja. Mchoraji hakuona haya kusema kuwa kila kiivacho kina siku yake. Picha nyingi za sebuleni zimefutiwa ushahidi huo. Matunda yake hayana doa, hayana vumbi, hayaiogopi kesho. Huo ndio ninaouita uongo, wala si chapa.

Sasa nenda soko la Kongowea wakati wa maembe. Kuna ngowe, dodo na boribo. Kuna mafenesi yanukiayo kabla hujayaona. Na jioni muuzaji hushusha bei, maana embe halimngoji mtu. Utamu wake wote umo katika ufupi wa siku zake. Ni ajabu (nasema kwa upole) kwamba embe ngowe ni nadra kuangikwa ukutani, ilhali zabibu zisizooteshwa pwani hii hupigiliwa misumari miwili.

Usiiondoe picha yako. Ila kesho weka embe bivu mezani chini yake, ulitazame. Siku ya kwanza litanukia. Baadaye ngozi itaingia madoa. Kisha watoto watakuuliza kwa nini unaliacha liharibike. Utawajibu nini?