Taabu ya Mwanadamu: Kitabu Kimoja Hakitoshi



Mara nyingi kwenye kilio cha mtoto tunasikia mtu akisema: "Mama, usilie, dunia ni taabu tu, huyu amepumzika." Mama ananyamaza. Je, amefarijiwa, ao amefungwa kinywa?

Fundisho hilo ni la zamani. Karibu na mwaka 1195, huko Roma, kardinali mmoja mwenye daraja la shemasi, Lotario dei Segni, aliandika kwa Kilatini kitabu juu ya taabu ya hali ya mwanadamu. Kina sehemu tatu: mtu anazaliwa akilia, anaishi katika tamaa na kiburi, kisha anaoza na kuhukumiwa. Kitabu kilinakiliwa kwa mkono mara mamia, kikaenea Ulaya. Mwaka 1198 Lotario akawa Papa wa Roma, Innocent III.

Je, alisema uongo? Hapana. Ayubu na Mhubiri walisema hayo mbele yake. Naye alipokufa Perugia mwaka 1216, wezi waliivua maiti yake mavazi ya thamani usiku. Jacques de Vitry aliiona kanisani, karibu uchi.

Lakini tuangalie alitaka nini. Katika utangulizi alisema anaandika ili kushusha kiburi. Tena akaahidi kitabu cha pili, juu ya heshima ya mwanadamu, ili wanyenyekevu wainuliwe. Hicho cha pili hakukiandika. Ilipita zaidi ya miaka 250 mpaka Giannozzo Manetti wa Firenze alipomjibu kwa kitabu juu ya heshima hiyo.

Wapendwa, dawa ya kiburi ni kali. Ukimnywesha mtu aliyekwisha kuvunjika, unamuumiza. Mama aliyekimbia vita na mzigo kichwani hana haja ya kufundishwa kwamba maisha ni taabu; yeye angeweza kutufundisha sisi. Tena tukisema "dunia ni taabu tu", tunamficha mwenye kosa. Mtoto aliyekufa kwa kukosa dawa hakuuawa na dunia.

Je, tuache kuhubiri kifo na hukumu? Hasha! Kitabu cha kwanza kisomwe kwa mwenye bunduki, kwa mwenye kuonea maskini, na kwa sisi wenye cheo kanisani. Aliye chini asomewe cha pili.

Papa Simon Kimbangu alifungwa miaka 30, tangu 1921 hata kufa kwake Elisabethville, leo Lubumbashi, mwaka 1951. Nani alijua taabu kumpita? Lakini sisi tunashika Upendo, Amri na Kazi. Mungu hawezi kumwagiza mambo hayo matatu kiumbe kisicho na thamani.

Basi, ukifika kwenye kilio, usihubiri haraka. Kaa chini, lia pamoja nao, teka maji, leta unga. Hicho ndicho kitabu cha pili, nasi tukiandike kwa mikono yetu.

Bwana awabariki. Amina.