Pumziko Lililoagizwa Kabla Kazi Haijaisha

Somo: Marko 6:30–46

Injili ya Marko inaeleza kwamba mitume, waliporejea kutoka safari yao ya kuhubiri, walimsimulia Yesu yote waliyoyatenda na kuyafundisha, huku watu wakija na kuondoka kwa wingi hata wao wakakosa nafasi ya kula. Hapo ndipo Bwana alipowaagiza waende faraghani, mahali pasipo na watu, wakapumzike kidogo. Mfuatano huo wa matukio una uzito, kwa maana umati ulikuwa bado unangoja na mahitaji yake hayakuwa yametimizwa, na kwa hiyo pumziko hilo halikuwa ujira wa kazi iliyokamilika bali agizo lililotolewa katikati ya kazi isiyokwisha.

Msingi wa agizo hilo ni wa kale. Kumbukumbu la Torati 5:12–15 inaifungamanisha Sabato, yaani siku ya kuacha kazi kwa ajili ya Mungu, na ukombozi wa Israeli kutoka Misri, kwa kuwa mtumwa hana mamlaka ya kusema kwamba kazi ya leo imetosha. Amri hiyo inamtaja pia mtumishi, mgeni, ng'ombe na punda, ili pumziko la mwenye nyumba lisijengwe juu ya uchovu wa wale wanaomtumikia.

Katika jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani, fundisho hili linakutana na maisha ya kila siku kwa namna iliyo wazi. Jiji la Seattle na miji jirani ya Bellevue na Redmond ina ofisi kubwa za kampuni za teknolojia, ambazo kazi yake humfuata mfanyakazi kwa simu hadi kwenye meza ya chakula. Hata hivyo milima ya Cascade iko karibu, na Snoqualmie Pass, njia ya kuvukia safu hiyo iliyo kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 900, hufikiwa kwa gari kwa muda wa takriban saa moja barabara ikiwa wazi, hivyo kwamba mtu aliyebanwa na ofisi juma zima anaweza kutembea mlimani Jumamosi na kuwa ibadani Jumapili. Majira ya baridi yanapofika, watembeaji huvaa viatu vya theluji, yaani fremu pana zinazofungwa chini ya buti ili uzito wa mwili utawanyike na mguu usizame. Wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini walizitengeneza kwa mbao zilizopindwa na kamba za ngozi karne nyingi kabla ya fremu za alumini na plastiki za leo.

Mlima wa theluji haujali cheo cha mtu. Huko Paradise, upande wa kusini wa Mlima Rainier wenye urefu wa mita 4,392, majira ya baridi ya 1971–1972 yalishusha theluji ya zaidi ya mita 28, na kwa kawaida maporomoko ya theluji huanzia kwenye miteremko yenye mwinamo wa kati ya nyuzi 30 na 45. Kwa sababu hiyo mtembeaji mwenye busara husoma kwanza utabiri wa hatari wa siku hiyo, hubeba kifaa cha mawimbi ya redio cha kumtafutia aliyefukiwa, kijiti kirefu cha kupimia theluji na beleshi, na huweka mapema saa ya kugeuka hata kama kilele kinaonekana, kwa kuwa mwanga wa mchana wa Desemba hudumu kwa chini ya saa tisa. Kugeuka huko ni mazoezi ya kukubali kwamba mwanadamu ana mpaka, jambo ambalo ofisi humfundisha kulisahau.

Lakini mtu anaweza kuibeba Misri mgongoni hadi juu ya mlima. Anayehesabu vilele kama anavyohesabu malengo ya robo mwaka, akipima mwendo wake dhidi ya wenzake na kujibu ujumbe wa kazi kila mtandao unapopatikana, amebadilisha mahali pa kazi tu. Zaburi ya 121 inamwelekeza anayeyainua macho yake milimani kwa Bwana aliyeziumba mbingu na nchi, mlinzi asiyesinzia wala kulala. Na kwa kuwa Mungu halali, mfanyakazi anaweza kuiacha kazi yake bila hofu kwamba dunia itaanguka.

Marko anaendelea kusema kwamba umati uliwatangulia mitume huko faraghani, na Yesu, badala ya kukasirika, aliwahurumia watu waliokuwa kama kondoo wasio na mchungaji, akawafundisha na kuwalisha, kisha akawaaga na kupanda mlimani kusali. Pumziko la kweli, basi, hupimwa kwa mambo mawili: kama linamfikisha mtu kwenye maombi, na kama linamwachia moyo unaoweza kuwahurumia wanaomkatiza.

Kwa hiyo Mkristo mwenye kazi nyingi na aitenge siku yake kabla shajara haijajaa, aizime simu, aende mlimani au popote palipo na utulivu, na aombe huko. Naye mwenye mamlaka juu ya wengine na ahakikishe kwamba msafishaji wa ofisi yake, mlinzi wa lango lake na msaidizi wa nyumbani kwake wana siku kama hiyo, kwa sababu amri iliyompa yeye pumziko iliwataja na wao.