Kabila, Haki na Kura: Hoja ya Nyamongo

Msimamo wa mtu katika siasa hutokana na mambo mawili ambayo karibu kila mchambuzi huyataja: kundi analojihesabu kuwa lake, na yale anayoyaona kuwa haki au dhuluma. Maana za kawaida zinatosha hapa. Kundi ni wale anaowaita "sisi". Maadili ni kipimo kinachomfanya aseme jambo fulani halivumiliki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Henri Tajfel alionyesha, kwa majaribio aliyoyafanya na wavulana wa shule huko Bristol, kwamba hata makundi yaliyogawanywa kwa kigezo cha ovyo huzaa upendeleo. Jonathan Haidt, katika kitabu chake cha 2012, akadai kwamba binadamu huhisi kwanza, na sababu huzitafuta baadaye. Matokeo hayo yana uzito wake. Ubaya huanza pale yanapogeuzwa kuwa njia ya kumnyamazisha anayedai haki yake.

Nyamongo, wilayani Tarime, ni mahali ambapo ubaya huo umekomaa. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, katika eneo ambalo wachimbaji wadogo walikuwa wakichimba kwa mikono yao, Nyabirama na Nyabigena. Umepita kwa Afrika Mashariki Gold Mines, Placer Dome, Barrick na Acacia, kisha ukarudi kwa Barrick mwaka 2019, serikali ikashika asilimia 16 kupitia kampuni ya ubia ya Twiga. Tarehe 16 Mei 2011 watu watano waliuawa kwa risasi za polisi baada ya umati kuingia mgodini. Kesi ya wanakijiji iliyofunguliwa London mwaka 2013 iliishia kwa makubaliano nje ya mahakama mwaka 2015. Nyingine, iliyofunguliwa Ontario mwaka 2022, ilikataliwa Novemba 2024, mahakama ikisema mahali pake pa kusikilizwa ni Tanzania.

Kila linapotokea tukio la namna hii, vijiweni na maofisini hurudi maelezo yaleyale: hao ni Wakurya, vurugu wamezoea, upinzani uko damuni. Maelezo hayo husemwa kwa utulivu wa mtu anayejua mambo, na ndiyo maana yanaudhi. Anayeyasema hajajibu hoja hata moja kuhusu mashamba, maji ya Mto Tigithe yanayodaiwa kuchafuliwa, au maiti. Amemtazama msemaji, akataja kabila lake, akaondoka. Kwa hiyo yanastahili kujibiwa kwa kirefu.

Jibu la kwanza liko kwenye kura. Jimbo la Tarime lilimchagua Chacha Wangwe wa CHADEMA mwaka 2005. Alipofariki mwaka 2008, uchaguzi mdogo ukampa kiti Charles Mwera wa chama hichohicho. Mwaka 2010 jimbo likaenda CCM kwa Nyambari Nyangwine. Mwaka 2015 sehemu yake ya Tarime Vijijini ikarudi CHADEMA kwa John Heche. Mwaka 2020, katika uchaguzi ambao upinzani uliukataa, ikatangazwa ya CCM kwa Mwita Waitara, ambaye naye miaka miwili nyuma alikuwa mbunge wa CHADEMA huko Ukonga. Wote watano ni Wakurya, na wapiga kura wengi ni Wakurya. Kitu kisichobadilika hakiwezi kuwa sababu ya kitu kinachobadilika mara kwa mara. Kama damu ingekuwa na chama, isingehama mara zote hizo.

Hapo mtetezi wa maelezo ya kabila hubadili uwanja. Si kabila, anasema, ni koo. Koo kweli zina nguvu: Wanchari na Walyanchoka wamewahi kuchomeana nyumba, na hakuna chama kinachoteua mgombea Tarime bila kupiga hesabu za koo. Lakini hesabu hizo zinaeleza nani apewe nafasi ya kusimama. Hazielezi kwa nini watu wa koo zilizowahi kurushiana mishale husema neno moja inapofika habari ya mgodi. Ng'ambo ya mpaka, Migori nchini Kenya, wako Wairege, Wanyabasi na Wakira, koo zilezile zenye jamaa upande wa Tarime. Siasa zao zimekuwa zikizunguka jambo jingine kabisa: kuwa kabila dogo pembeni ya Waluo, na kupata wilaya na majimbo yao wenyewe. Damu moja, madai mawili.

Kisha iko Mtwara. Mwaka 2013 watu wa kusini waliandamana kupinga bomba la gesi kwenda Dar es Salaam, jeshi likapelekwa, na mwaka 2015 Mtwara Mjini ikamchagua mbunge wa CUF. Hakuna Mkurya aliyewafundisha. Walichofanana na Nyamongo ni swali walilouliza: mali ikitoka chini ya miguu yetu, sisi ni nani katika mgawo?

Swali hilo lina historia ndefu kuliko mgodi wowote, na inafaa kukaa nalo kidogo. John Locke, katika karne ya 17, alifundisha kwamba mtu hupata miliki kwa kuchanganya jasho lake na ardhi. Sheria ya Ardhi ya 1999 ina msingi tofauti: ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia, na fidia inapotwaliwa. Mthamini akifika, hupiga namba ya rangi ukutani, huhesabu mashina ya migomba, hupima vyumba na kuorodhesha makaburi. Fomu ina nafasi ya posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na ya hasara ya faida. Hakuna mstari wa kuandika kwamba mwenye mji hakuulizwa kama anataka kuhama. Ndipo ikazaliwa tegesha: watu kujenga vibanda na kupanda miche ya haraka katika eneo linalotarajiwa kuchukuliwa. Tegesha huitwa wizi, na wapo wanaoifanya kwa tamaa tupu. Hata hivyo ni Locke aliyesomwa vizuri na watu ambao hawajamsoma. Wameelewa kwamba ardhi tupu haitasema sana kwa niaba yao, jasho linaloonekana ndilo linaloandikwa. Fundisho hilo wamelipata kwenye fomu, wala halikutoka kwenye ritongo, baraza la jadi la Wakurya.

Zipo pingamizi za haki zaidi. Ni kweli kwamba hisia ya kundi hupofusha, na wapo Nyamongo waliofunika uhalifu wa ndugu kwa sababu tu ni ndugu. Ni kweli pia kwamba viongozi hupanda juu ya uchungu huo kutafuta ubunge.

Lakini hata tukiyakubali hayo, linabaki jambo ambalo nadharia zote mbili, ya kundi na ya maadili, hazilimudu. Wakurya haohao wanaosemwa kuwa wapinzani wa dola wamejaa katika majeshi tangu King's African Rifles, na hadi leo kijana wa Tarime kuingia JWTZ ni heshima ya ukoo mzima. Nyumba moja inaweza kuwa na askari na "mvamizi" wa mgodi, na wote wawili wakaamini wanatetea kilicho chao. Nadharia ya kundi ingewataka wasimame upande mmoja. Nadharia ya maadili ingetaka mmoja wao awe amepotoka. Mpaka ipatikane inayoweza kuwaeleza wote wawili bila kumdharau yeyote, anayetaja kabila kama jibu ajue kwamba bado hajajibu kitu.