Fimbo Mkononi mwa Mwislamu



Leo nataka tuseme juu ya kutia adabu, maana kila mara tunasikia mtoto ametoroka chuoni kwa kuogopa bakora. Mtoto amekaa mkekani, ubao wake magotini, herufi anazijua. Mwalimu akinyanyua mkono tu, ulimi unakwama. Hapo amejifunza kumchunga mwalimu, Korani imempita.

Swahaba Abu Masud al-Badri alikuwa akimchapa mtumwa wake, akasikia sauti nyuma yake ikimwonya kwamba uwezo wa Mungu juu yake ni mkubwa kuliko uwezo wake juu ya yule mtumwa. Akageuka, kumbe ni Mtume, rehema na amani zimshukie. Palepale Abu Masud akamwacha huru yule mtumwa. Na Mtume akamwambia kuwa asingefanya hivyo, Moto ungemgusa. Ameipokea Imamu Muslim.

Sisi watu wa Maniema hadithi hii inatuhusu kweli. Njia ya Kabambare walipita wapagazi na watumwa wa misafara ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, pembe za ndovu mabegani, fimbo nyuma yao, na wenye misafara waliswali kama tunavyoswali sisi. Tusilifiche hilo. Mwaka 1893 jeshi la wakoloni Wabelgiji chini ya Dhanis likauteka mji huu wa Kasongo, fimbo ikabadili mikono, ikaja ile ya ngozi ya kiboko. Mwaka 1917 ikatoka amri ya kilimo cha lazima, watu wakalimishwa pamba, na aliyeshindwa alifungwa au alichapwa. Fimbo ile ya serikali haikuondolewa kabisa mpaka 1959. Wapo waliokimbilia porini kuikwepa. Sasa sisi wajukuu wa waliochapwa, na wengine wajukuu wa waliochapa, tunaishika tena, tena juu ya watoto!

Najua mtaniuliza juu ya hadithi inayosema mtoto wa miaka kumi achapwe akiacha sala. Isomeni yote. Mtoto anaamrishwa kuswali akiwa na miaka saba. Kati ya saba na kumi kuna miaka mitatu, sala tano kila siku: ni zaidi ya mara elfu tano za kumwita kwa upole, kumshika mkono, kusimama naye safu moja. Nani kati yetu amezitimiza? Na hata hapo wanachuoni wameweka mipaka: pigo lisiumize wala kuacha alama, na uso haupigwi, Mtume mwenyewe amekataza. Bi Aisha, mkewe, ameshuhudia kwamba Mtume hakumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Anayechapa kwa hasira ametoka nje ya Suna, hata akiwa na kilemba.

Sheria ya nchi yetu ya Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto nayo inataka adabu ya nyumbani na shuleni imheshimu mtoto kama binadamu. Katika hili haigongani na dini.

Mzazi ambaye mtoto wake ametoroka, amfuate leo. Aanze kwa salamu, amrudishe mwenyewe mpaka mkekani, akae naye hadi somo liishe. Na walimu wetu, nawaomba mbaki kidogo baada ya sala, tukubaliane bakora zikae wapi kuanzia kesho.