Deni la Mji: Fardhi Kifaya na Haki ya Mnyonge Ujiji

Katika elimu ya maadili kuna swali la kale ambalo dini na falsafa zimelijibu kwa njia mbalimbali, nalo ni kama anayemlisha yatima, anayemkaribisha kijana asiye na kwao, au anayempelekea mjane unga anatoa kilicho chake kwa hiari yake, au anarejesha kilichokuwa haki ya mwenzake tangu mwanzo. Tofauti ya majibu hayo mawili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa msaada ukiwa hisani, asiyetoa hana kosa na aliyenyimwa hana la kudai, lakini ukiwa haki, kila mtoto anayelala njaa katika mtaa wenye watu walioshiba ni ushahidi wa deni ambalo halijalipwa, na hapo ni lazima iulizwe deni hilo ni la nani.

Ujiji ni mahali panapofaa kulipimia swali hili. Mji huu wa kale wa misafara, ambao leo ni sehemu ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, umekusanya kwa vizazi vingi Wajiji na Waha wa upande huu wa Ziwa Tanganyika pamoja na Wamanyema, Wabembe, Wagoma na Waholoholo ambao wazee wao walitoka ng'ambo, na hivyo wengi wa wakazi wake ni wazao wa watu waliowahi kufika wakiwa wageni. Riziki ya kaya nyingi inategemea dagaa na migebuka, na riziki ya namna hiyo haina uhakika. Serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024 ili samaki wapate kuzaliana, sababu yake ilikuwa njema na faida yake ilikuwa ya wote, lakini mzigo wa miezi hiyo mitatu haukugawanyika sawa, kwani mwenye duka aliweza kungoja, ilhali mwanamke aliyeishi kwa kuanika dagaa na kijana aliyelipwa kwa usiku mmoja mmoja wa kuvua hawakuwa na akiba ya kungojea. Unyonge wa aina hii hautokani na uvivu wala na kosa la mtu, na kwa sababu hiyo jibu la kusema kwamba kila mmoja abebe msalaba wake halitoshi.

Fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, inagawa wajibu katika mafungu mawili. La kwanza ni fardhi aini, ambayo humlazimu kila mtu mmoja mmoja na haiwezi kutekelezwa na mwingine kwa niaba yake, kama sala tano na saumu ya Ramadhani. La pili ni fardhi kifaya, ambayo imewekwa juu ya jamii nzima kwa pamoja, kiasi kwamba wakijitokeza watu wa kutosha kuitekeleza, wengine wote wanaondokewa na lawama, lakini asipojitokeza yeyote, dhambi inamfikia kila aliyejua na akaweza. Mfano unaofundishwa madrasa ni maiti: kuoshwa kwake, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa ni deni la mji mzima, na ndiyo maana Ujiji, kama katika miji mingine ya Waislamu, hata mtu asiye na ndugu hukosa vyote duniani lakini hakosi wa kumbebea jeneza. Hakuna anayemsifu mbebaji wa jeneza kuwa mfadhili, na hakuna anayemwona marehemu kuwa ombaomba, kwa sababu wote wanafahamu kwamba linalotendeka hapo ni malipo ya deni.

Jambo la kushangaza ni kwamba wanazuoni hawakuifungia fardhi kifaya makaburini. Vitabu vya fikihi vinahesabu ndani yake kumlisha mwenye njaa, kumvika asiye na nguo na kumlea mtoto aliyetupwa, na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwalaumu watu wa zama zake kwa kukimbilia elimu zilizokuwa zimekwisha kupata watu wengi huku miji ikikosa tabibu Mwislamu, ingawa utabibu nao ni fardhi kifaya. Mwalimu wake, Juwayni, aliyefariki mwaka 1085, alikwenda mbali zaidi akaona kwamba anayetekeleza fardhi kifaya ana daraja kubwa, kwa sababu anayesali anajiokoa mwenyewe, ilhali anayesimamia jambo la wote anawaondolea wote dhambi. Tukiufuata mwendo huo wa fikra, linalozuka ni fumbo la kimaadili linaloihusu miji ya leo bila kujali dini zake: kwa nini jamii ambayo haikubali maiti alale bila kuzikwa inakubali mtoto aliye hai alale bila kula, na kwa nini kazi ya kwanza inaitwa wajibu na ya pili inaitwa huruma?

Maandiko yenyewe hayaruhusu utengano huo. Kurani, katika Sura ya Adh-Dhariyat na tena katika Sura ya Al-Maarij, inawataja wachamungu kuwa watu ambao katika mali zao mna haki ya anayeomba na ya aliyenyimwa, na wafasiri wengi wamemwelewa huyo wa pili kuwa ni mhitaji asiyenyoosha mkono kwa staha, ambaye kwa hiyo ni lazima atafutwe. Katika Ukristo, mababa wa Kanisa wa karne ya 4, miongoni mwao Basili wa Kaisaria na Ambrosi wa Milano, walifundisha kwamba mkate unaozidi mahitaji ya mwenye nao ni wa mwenye njaa, na kwamba tajiri anapompa maskini hajampa cha kwake ila amemrudishia. Dini mbili zinazogawana mitaa ya Kigoma na Ujiji zinakubaliana, basi, katika jambo ambalo waumini wa zote mbili hulisahau kwa urahisi.

Umuhimu wa kuuita msaada haki unaonekana wazi zaidi katika historia ya mwambao huu wa ziwa. Katika karne ya 19, Ujiji ulikuwa kituo ambapo pembe za ndovu na mateka kutoka Manyema walikusanywa kabla ya kupelekwa Tabora na hatimaye Bagamoyo, na katika mazingira hayo mtoto aliyetenganishwa na ukoo wake hakuwa na namna ya kuishi isipokuwa kuwa mtu wa fulani. Aliyemlisha alimmiliki. Mapadre Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki waliofika Ujiji mwaka 1879, waliwakomboa watoto kwa kuwanunua kutoka kwa wafanyabiashara na kuwaweka katika vijiji vya misheni. Tendo hilo liliokoa maisha, lakini nalo liliwaweka waliookolewa chini ya mamlaka ya mwokozi, ambaye ndiye aliyepanga wasali wapi na waishi vipi. Funzo la kifalsafa linalopatikana hapo ni kwamba hisani isiyotambua haki huzaa ubwana, hata pale nia inapokuwa safi, kwa kuwa anayepokea bila haki hana cha kumlipa mtoaji isipokuwa utii.

Hata hivyo, historia hiyohiyo inaonyesha jinsi aliyesaidiwa anavyoweza kugeuka nguzo ya wengine. Adrian Atiman, aliyetekwa utotoni huko Afrika Magharibi na kukombolewa na wamisionari, alisomeshwa utabibu Malta, akafika Karema, kusini zaidi kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akawatibu watu wa hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Kwa upande wa Waislamu, Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Ramiya, alitolewa Manyema akiwa mtoto na kufikishwa Bagamoyo katika utumwa, lakini alipofariki mwaka 1931 alikuwa kiongozi mashuhuri wa tarika ya Qadiriyya, yaani njia ya kisufi ambayo ina wafuasi Ujiji pia, na alikuwa amewahi kuwa liwali wa Bagamoyo. Maisha ya watu hawa wawili hayahalalishi mfumo uliowateka. Yanachothibitisha ni kwamba anayepokea leo si mtu wa tabaka la wapokeaji, na kwamba jamii inayomhesabu hivyo inajinyima watabibu na masheikh wake wa kesho.

Pingamizi zito dhidi ya hoja hii ni kwamba ikiwa msaada ni deni, basi kujitolea, yaani kutoa muda, nguvu na mali bila malipo wala shuruti, hakuna thamani ya pekee, kwa kuwa hakuna anayestahili sifa kwa kulipa anachodaiwa. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785, alijaribu kuitatua shida hiyo kwa kutenganisha wajibu kamili, kama ule wa kutotoa ahadi ya uongo, na wajibu usiokamilika, kama ule wa kuwafaa wengine, ambao unamlazimu mtu kusaidia lakini unamwachia achague amsaidie nani, lini na kwa kiasi gani. Mgawanyo huo una udhaifu mmoja mkubwa: kila mkazi wa mji anaweza kuwa ametimiza wajibu wake usiokamilika kwa kumsaidia mtu fulani mahali fulani, na bado mtoto wa nyumba ya tatu akawa hajafikiwa na yeyote. Fardhi kifaya inaziba pengo hilo kwa sababu kipimo chake ni haja kutimizwa, na hesabu ya waliotoa haiwezi kuchukua nafasi ya kipimo hicho. Maadamu mwenye njaa hajala, mji mzima bado unadaiwa. Kuhusu sifa, anayejitolea anaistahili kwa kutangulia, kwa kuwa deni ni la wote naye amekubali kulilipa kabla ya wengine, na akiwa yeye mwenyewe ni mhitaji anafikia daraja ambayo Waislamu huiita ithari, yaani kumtanguliza mwenzako katika kitu unachokihitaji wewe.

Wajibu wa wote una hatari ya kuwa wajibu wa hakuna, na wanazuoni waliikabili hatari hiyo kwa kuweka mpangilio: unaanza kwa walio karibu, na hao wakishindwa unawahamia wanaofuata, mpaka uifikie nchi nzima na hata walimwengu. Kilichotokea Kagunga mwaka 2015 kinaeleza kanuni hii vizuri. Kijiji hicho cha wavuvi kilichoko ufukweni karibu na mpaka wa Burundi kilipokea makumi ya maelfu ya wakimbizi kwa muda mfupi, kipindupindu kikazuka, na ilikuwa dhahiri kwamba majirani peke yao hawangeweza, ndipo meli ya MV Liemba ikatumika kuwavusha watu hadi Kigoma, ambako Uwanja wa Lake Tanganyika uliwahifadhi kabla ya safari ya kwenda kambi ya Nyarugusu. Wanakijiji hawakuweza kudaiwa zaidi ya uwezo wao, lakini kushindwa kwao hakukulifuta deni, kulilihamisha tu.

Vijana wanahitaji kutajwa kwa namna yao, kwa kuwa mara nyingi huruma huishia pale mtoto anapobalehe. Katika fikihi jina la yatima linakoma wakati huo, lakini Sura ya An-Nisaa inawaagiza walezi wasimkabidhi yatima mali yake mpaka waone kwake rushdi, yaani upevu wa akili unaomwezesha kuendesha mambo yake, na maana yake ni kwamba ulezi haumaliziki kwa umri tu. Hekima hiyo inakaribiana na methali isemayo kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ambayo watu huisoma kama onyo kwa mgeni na kusahau kwamba inamtwisha mwenyeji wajibu wa kulitafuta jembe hilo. Kwa kijana wa Ujiji, jembe ni nyavu, cherehani, ufundi au mtaji. Utaratibu wa halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni njia mojawapo ya kulitoa, lakini kikundi hudai kuaminiana, na kijana asiye na ukoo wala mdhamini hukosa wa kumwingiza kikundini, hivyo kazi ya anayejitolea hapo ni kumsimamia kijana mbele ya watu wasiomjua.

Dola nayo ina sehemu yake katika deni hili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inazipa serikali za mitaa jukumu la kulinda ustawi wa mtoto, na pia inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe taarifa hiyo kwa mamlaka, jambo linaloonyesha kwamba wazo la wajibu wa pamoja limo katika sheria ya nchi isiyo na dini rasmi. Lakini mzunguko wa lawama ni mwepesi: serikali huwategemea wanaojitolea, wanaojitolea huisubiri serikali, na mwanamke anayejitolea kuwatembelea wahitaji nyumba hadi nyumba kwa nauli yake mwenyewe huachwa abebe mzigo wa pande zote mbili. Kwa mantiki ya fardhi kifaya, huyo analipa kwa niaba ya wote, na kwa hiyo anawadai wote. Kumrudishia nauli, kumpokeza zamu na kumsikiliza katika kikao cha mtaa ni sehemu ya malipo ya deni lilelile.

Jibu la swali la mwanzo, basi, ni kwamba msaada kwa vijana na familia zilizo katika shida ni haki ya wanaoupokea na deni la mji wao, na anayejitolea ni mlipaji wa kwanza anayestahili heshima lakini asiyestahili utii. Maimamu, mapadre na wenyeviti wa mitaa wa Ujiji tayari wana utaratibu wa kutangaza msiba, kuchanga na kugawana kazi bila kumwaibisha mfiwa, na utaratibu huohuo unaweza kutumika kwa walio hai, kwa kuwajua kwa majina na kuwapangia watu wa kuwasimamia kabla hawajaomba. Mji unaosimama wote kumzika mtu mmoja hauna udhuru wa kumwachia mtu mmoja kazi ya kuwalea watoto aliowaacha.